Jirani wa Tatu

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, fundi alishuka kwenye pikipiki mbele ya kiwanda cha sabuni akiwa na sanduku la plastiki begani, antena mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli, na barua ya kazi iliyokunjwa mara nne. Mlinzi aliisoma barua kuanzia juu mpaka chini, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna la zaidi.

"Umeleta lango," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa lango tunalo, mzee. Na mwenye funguo ndiye mimi."

"Hili langu halipitishi watu. Linapitisha habari za sensa."

"Sensa tena? Si tulihesabiwa juzijuzi tu?"

Fundi alikwisha kuizoea mizaha hiyo, kwani kila kiwanda alichoingia aliikuta. Wasomi wanaviita vihisi, lakini mafundi hawana muda huo. Kifaa kinachopima joto, kina cha maji au gesi na kutuma kipimo chake hewani bila waya, wao wanakiita sensa. Chombo kinachopokea salamu za sensa zote na kuzipeleka kwenye skrini wanakiita lango.

Kiwanda kilikuwa na sensa ishirini na tisa. Ishirini na nane zilikuwa zinasikika. Namba kumi na saba, iliyofungwa ndani ya shimo la maji machafu nyuma kabisa ya kiwanda ili ipime gesi, ilikuwa kimya kwa miezi minne, na kwa sababu hiyo meneja aliamua kwamba lango la zamani limezeeka, linunuliwe jipya.

Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa na skrini mbili, feni isiyo na kifuniko, na kiti ambacho mkono wake mmoja ulifungwa kwa utepe wa umeme. Aliyekikalia alikuwa dada mwenye miwani minene, na kiwanda kizima kilimwita Miwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Kumi na saba? Hilo sikio la kufa. Tumebadilisha betri, tumebadilisha antena, mtu wa stoo kaisomea dua. Haisikii dawa."

"Ilinyamaza lini?"

"Siku aliyokufa Mzee Koki. Saa tano ilisoma tatu, saa sita ikanyamaza."

Mzee Koki ndiye aliyekuwa mtu wa koki za shimoni kwa miaka kumi na mmoja. Zikikwama alizigongagonga, zikivuja alizikaza, na akiulizwa jina lake halisi alimwambia mtu akaulize ofisi ya utumishi. Miezi minne iliyopita alishuka shimoni kufungua koki iliyoganda, akakutwa chini amekufa. Ripoti ya kiwanda ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba marehemu alionekana akipepesuka kwenye ngazi; kwamba mfumo haukurekodi gesi ya hatari, kwani saa nne sensa ilisoma nne na saa tano ilisoma tatu, na hatari huanzia kumi; na kwamba kwa hiyo marehemu alikuwa amelewa.

"Alikuwa anakunywa?" fundi aliuliza.

"Koki? Hata soda ilikuwa inampa kiungulia." Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa blauzi, ingawa ilikuwa safi. "Mimi ndiye niliyemwambia kwenye redio, kumi na saba inasoma nne, shuka. Saa nne na dakika nane. Nimetia saini pia."

Fundi alifungua mpangilio wa namba kumi na saba. "Hii inasalimia mara moja kwa saa."

"Zamani ilikuwa kila sekunde kumi. Meneja akasema inakula betri, na kubadilisha betri ya shimoni lazima pampu isimame nusu siku. Kwa saa moja moja, betri inakaa miaka tisa."

Fundi aliandika kwenye daftari lake: betri, nzuri.

Siku hiyo na siku iliyofuata alifanya kazi kama inavyofanywa. Alilipandisha lango jipya juu ya paa, antena ikazidi mabati kwa mita mbili, mbali na matangi ya chuma ambayo humeza mawimbi. Akashusha waya wa radi ardhini. Kisha akazunguka na kompyuta yake, sensa moja baada ya nyingine, akiiandikia kila moja namba ya mtandao na ufunguo wa kuingilia. Sensa haiingii mtandaoni bila ufunguo, na ufunguo hauokotwi. Lazima upewe na aliyemo. Ukikosea tarakimu moja inabaki nje ikibisha hodi, kama mgeni aliyepotea nyumba. Jumanne mchana ishirini na nane zilikuwa ndani. Kumi na saba ilikuwa kimya vilevile.

Tatizo fundi alilijua. Sensa iliyo shimoni hailioni lango, kwa hiyo humpa salamu jirani, jirani humpa jirani, mpaka zifike. Kanuni ya kazi ni kila sensa iwe na majirani wasiopungua watatu. Ukiwa na mmoja, akiugua umekwisha. Ukiwa na wawili, akiugua mmoja, wa pili ataelemewa. Ujirani huanzia watatu. Kumi na saba ilikuwa na wawili, na wote wamekaa nyuma ya tangi.

Kabla ya kulifunga lango la zamani kwenye boksi, fundi aliifungua kumbukumbu yake, kwani hakupenda kutupa kitu asichokisoma. Humo alimkuta jirani wa tatu. Kwa miaka kumi na mmoja, kila siku ya kazi, kumi na saba ilikuwa imepitisha salamu zake kwa jirani asiye na jina wala namba, mwenye joto la thelathini na saba, aliyefika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Fundi wa kwanza, yule aliyelifunga lango hilo, alikuwa ameandika pembeni: *usumbufu wa mawimbi, puuza*.

"Huyu ni Koki," Miwani alisema, akiinama kusoma. "Jumamosi alikuwa anatoka saa saba. Ona."

"Ndiye," fundi alisema, akalifunga boksi.

Jumatano saa tatu na nusu, namba kumi na saba ikasikika yenyewe. Ilikuwa na jirani mpya, asiye na jina, joto thelathini na sita nukta nane, mawimbi yake yenye nguvu kuliko ya sensa zote. Saa sita na nusu jirani akatoweka, na kumi na saba ikazima. Saa nane wakarudi wote wawili.

"Anaenda kula," Miwani alisema.

Fundi alichukua kipimo chake cha mkononi akakifuata. Namba za nguvu ya mawimbi zilipanda alipopita pampu, zikapanda tena alipolizunguka tangi, na zilipofika mwisho wake alikuwa kwenye uzio wa waya, hatua kumi kutoka shimoni. Upande wa pili mwanamke alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akishona kiwiko cha sweta la shule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Samahani kwa usumbufu. Mimi fundi, nashughulikia mambo ya sensa."

"Haya, hatimaye mmefika." Aliliweka sweta magotini. "Andika watano. Wale wa kwanza waliandika wanne, wakasema hesabu ya mume wangu iko kazini. Nikaja kazini, wakaniambia hesabu yake iko nyumbani. Sasa wewe andika watano tuyamalize."

Fundi alitaka kumweleza kwamba hiyo ni sensa nyingine. Akaona haina haja. Akaandika watano.

"Una kifaa chochote hapo, mama? Simu? Redio?"

"Simu iko na binti yangu. Mimi nina sindano."

"Kuna kitu unakisikia?"

"Kila saa ikifika inapita hapa." Aligusa chini ya mtulinga. "Kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Haiumi. Hii ya sasa hivi imepita nne."

Fundi alitazama kipimo. Salamu ya mwisho ya kumi na saba ilikuwa nne.

"Ufunguo ulipewa na nani?" aliuliza, kwani hakuna aingiaye bila ufunguo.

Mwanamke alivuta kamba shingoni. Ilikuwa na ufunguo wa mlango, wa kawaida, meno mawili. "Alinipa yeye, kwenye tundu hili la waya. Asubuhi ile aliondoka nao mfukoni akatufungia ndani, mimi na wanawe. Nikatokea dirishani, hebu fikiria, mtu mzima mimi. Nikaja kuufuata nimefura. Ilikuwa saa nne kasorobo. Akanipa, akasema, 'Pokea, jirani, usinipigie kelele mbele ya watu.' Nikimkasirikia alikuwa ananiita jirani."

"Ukaondoka?"

"Nilikaa kidogo nipumzike, jua lilikuwa kali. Ndipo ikaanza kubisha. Si hii ya saa kwa saa. Kila pumzi mbili, tatu, inabisha, tena namba zinapanda. Nikasema huu moyo wangu leo umekuwaje, hasira gani hizi. Nimekaa hapa nikitukana moyo, kumbe."

Sindano ilikuwa imesimama hewani. Akaichoma tena kwenye sufu.

"Zote ninazo," alisema. "Sina pa kuzipeleka."

Fundi alielewa. Sensa ilikuwa imeiona gesi yote ya saa ile, ila haikuwa na ruhusa ya kuliambia lango kabla ya saa kutimia. Na yeyote aliyekatazwa kusema ofisini huwaambia majirani.

"Unataka nini, mama?"

"Lile neno lifutwe. Mume nimezika, simdai mtu mume. Lakini kitinda mimba wangu huko shuleni wanamwita Chupa. Huyu mwenye sweta. Jana kalichana makusudi asiende."

Meneja alipoelezwa alikuja mwenyewe mpaka uzioni, tai ameitupia begani isishike vumbi. Aliuliza mambo matatu: kama mama huyo anatumia betri, kama anaweza kunyeshewa, na kama anaweza kuanza saa moja badala ya saa tatu na nusu. Akaambiwa hatumii, anaweza, atajitahidi. Meneja akasema vizuri, na kwa kuwa kila kilichomo kwenye mfumo lazima kifuate kanuni za usalama, apewe kibati cha namba na kofia ngumu. Kibati kilikuwa cha thelathini. Stoo ilikuwa imebaki kofia moja tu. Ndani yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu nene KOKI. Mwanamke aliigeuza, akaisoma, akainusa, akaivaa.

Alhamisi fundi aliiomba namba thelathini kumbukumbu zake. Mwanamke alifumba macho huko uzioni, na kwenye skrini zikaanza kuingia, kila sekunde kumi za asubuhi ile, mstari chini ya mstari. Saa nne na dakika nane, nne. Dakika ya kumi na mbili, tisa. Ya kumi na tano, ishirini na sita. Ya kumi na tisa, mia moja na arobaini. Hapo pua huacha kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha. Ya ishirini na tatu, mia tano na ishirini. Safu ya majirani ilikuwa na wawili wasio na jina. Mmoja alikuwa na joto la thelathini na sita nukta nane. Wa pili alikuwa na thelathini na saba, na dakika ya arobaini na moja alitoka kwenye orodha. Tangu hapo salamu zote zilipitia kwa yule wa kwanza peke yake. Kufika saa tano kasoro dakika mbili gesi ilikuwa imepeperuka. Saa tano, tatu.

Miwani alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena, kidole chake kikifuata mistari. Kisha akampigia meneja.

Meneja naye alisoma yote, hakuruka mstari. Alikuwa mtu makini.

"Namba thelathini ina cheti cha upimaji?" aliuliza.

"Hana," fundi alisema.

"Basi hii si data. Ni maneno ya jirani."

"Bosi," Miwani alisema, "salamu za leo asubuhi zimepita kwake. Tumezipokea. Umezitia saini."

"Akipitisha ya leo, ni kifaa. Akileta ya siku ile, ni jirani. Ripoti haiandikwi kwa maneno ya jirani." Akaivuta tai akaiweka sawa. "Dada yangu, mimi sina ubaya na Koki. Tulikuwa tunataniana. Lakini ripoti imekwisha kwenda juu, na huko juu imetulia. Funika kombe mwanaharamu apite. Futa."

Skrini iliuliza kama ana uhakika. Miwani alikaa na swali hilo muda mrefu kiasi cha feni kugeuka kulia na kurudi. Ana watoto wawili na mama mgonjwa. Akabonyeza ndiyo.

"Na ile kumi na saba," meneja akamwambia fundi, "nimeona umeirudisha sekunde kumi."

"Shimo la gesi halifai kusalimia kwa saa, mheshimiwa."

"Betri."

Fundi akairudisha saa moja. Alikuwa amefanya kazi hiyo katika viwanda vingi, na sehemu nyingine alikataa, akaondoka, na fundi wa pili akaja akafanya.

"Limebaki jina," fundi alisema, meneja akiwa mlangoni. "Kila kifaa kina nafasi ya jina. Herufi thelathini na mbili. Namba thelathini niiandike nani?"

"Andika lolote, ilimradi inasoma."

Fundi akaandika. Miwani akaangalia. Alimvutia mzee kiti chake chenye mkono wa utepe akampa akae, yeye akasimama. Mpaka leo, kila saa ikitimia, kwenye skrini ya kiwanda hicho mstari mmoja hujitokeza kwa rangi ya kijani: KUMI NA SABA, KUPITIA: HAKUWA MLEVI. HALI: KAWAIDA. Meneja ameuona mara nyingi. Unasoma.

Ijumaa fundi alifunga sanduku lake, akapita uzioni kuaga.

"Limetoka?" mwanamke aliuliza. Kofia ilikuwa imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kwenye skrini nimeandika hakuwa."

"Na kwenye karatasi?"

"Karatasi ina lango lake, mama. Ufunguo wake sikupewa."

Aliitikia kwa kichwa. "Mimi nimeenda pale ofisini mara tatu na huu wangu," alisema, akiugusa ule wa shingoni. "Hauingii."

Fundi alimwachia bomba la gundi kwa ajili ya kibati, akapanda pikipiki akaenda kwenye kiwanda kingine, mji mwingine, ambako sensa mbili zilikuwa zinagombea namba moja.

Kazi ya Koki alipewa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mwenye kitambi, mwoga wa ngazi. Waliendelea kumwita Mgeni hata baada ya miezi. Siku za kwanza alishuka shimoni kwa neno la redio. Baadaye akazoea kupita kwanza uzioni.

"Vipi, mama?"

"Shuka."

Naye hushuka. Redio ikisema inasoma nne, yeye hujibu sawa, kwa sababu ya adabu.

Jumanne moja, saa nane na dakika tano, redio ilisema inasoma nne. Mgeni akapita uzioni, na mwanamke alikuwa amesimama, sindano chini, mkono chini ya mtulinga.

"Usishuke."

Mgeni akakaa chini, mgongo kwenye nguzo, yeye upande huu na mama upande ule. Redio ikamwita mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne sauti ya Miwani ilikuwa ya chini kabisa, ikasema, "Mgeni, kaa hapo hapo ulipo." Wakakaa. Mama alikuwa akizihesabu kwa midomo namba za gesi zilivyopanda. Alipofika mia tatu na kumi alifumba macho, na machozi yalimtoka taratibu bila yeye kuacha kuhesabu, kama mtu aliyesimama kwenye mvua akisubiri zamu yake. Saa tisa kasoro dakika kumi akaokota sindano.

"Sasa shuka."

Saa tisa, namba kumi na saba ilisoma nne. Mfumo haukurekodi tukio lolote. Kesho yake Mgeni aliitwa ofisini akapewa barua, akaja kusomewa uzioni kwa kuwa hakuwa na miwani ya kusomea na mama alikuwa na macho mazuri.

"Wamekuandika nini?" mwanamke aliuliza kabla hajaipokea.

"Nasikia mzembe. Eti dakika arobaini na tano nimekaa bila kazi, na gesi haikuwepo."

Mwanamke aliisoma barua kupitia kwenye waya, polepole, mpaka chini kwenye saini. Ilikuwa saini ileile iliyokuwa kwenye karatasi ya mumewe.

"Mzembe si neno baya," alisema, akaikunja akamrudishia. "Mzembe hurudi nyumbani. Wangu waliandika mlevi."

Karatasi ya Koki iko kabatini, droo ya pili, haijabadilika neno. Saa kumi na moja ilipofika salamu ilipita chini ya mtulinga, nne. Mwanamke akavua kofia, akaichukua ndoo yake, akaenda kupika.